Ukikabidhiwa Majibu ya Moyo Usiyoyaelewa

Kuna karatasi inayowanyima watu usingizi kuliko hata maradhi yaliyowapeleka hospitali. Ni karatasi ya majibu ya kipimo cha Holter, kile kifaa kidogo ambacho mgonjwa hubandikwa kifuani kwa stika na nyaya, akarudi nacho nyumbani, akafanya nacho kazi, akalala nacho, na kesho yake akakirudisha. Majibu hutoka yakiwa kurasa nyingi za majedwali, michoro na vifupisho. Mara nyingi mgonjwa huyapokea mwenyewe, kwenye bahasha au kwenye simu, huku miadi yake na daktari ikiwa bado wiki mbili mbele.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya hizo wiki mbili. Ndizo zinazoumiza. Mtu hufungua bahasha akakuta kwamba moyo wake ulisita kwa sekunde mbili, au kwamba una mamia ya mapigo yasiyo mahali pake. Huingia mtandaoni, na baada ya dakika tano anasoma habari za vifo vya ghafla. Mwingine hukuta ameandikiwa kwamba kila kitu ni cha kawaida, ilhali anajua fika jinsi moyo ulivyomwenda mbio mpaka akashika ukuta. Huyu naye halali, kwa kuwa anahisi hakuna aliyemwamini.

Wote wawili nawaambia jambo moja. Kipimo hiki ni kumbukumbu ya jinsi moyo ulivyopiga, na kumbukumbu hiyo hupata maana pale tu inapokutanishwa na mambo matatu: ulichokuwa unafanya na kuhisi saa ile, wingi wa kilichoonekana, na uzima wa moyo wenyewe, yaani misuli na milango yake. Namba iliyosimama peke yake, bila hayo matatu, haiwezi kukwambia kama uko salama au uko hatarini.

Dalili zisizosubiri miadi

Kabla ya kwenda mbele, soma aya hii mara mbili. Nenda hospitali leo, bila kujali karatasi inasema nini, kama umezimia au umekaribia kuzimia, hasa ukiwa katikati ya kazi nzito au mazoezi. Kama kifua kinabana kwa dakika kadhaa na maumivu yanapanda shingoni, kwenye taya au mkononi. Kama pumzi inakata hata ukiwa umekaa. Kama moyo unakwenda mbio na hautulii huku macho yanaingia giza. Au kama mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au ulimi umekuwa mzito. Usiendeshe gari mwenyewe, wala usipande bodaboda peke yako, kwa sababu ukizimia njiani utaanguka barabarani. Mwombe mtu akusindikize.

Usisubiri pia kama katika ukoo wenu yupo ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufika miaka 40 bila sababu kujulikana, na wewe una dalili. Habari hiyo mwambie daktari hata kama hakuuliza, kwa kuwa inaweza kubadilisha kabisa namna atakavyoyasoma majibu yako.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, tuendelee.

Kwa nini kifaa hiki huona mengi

ECG ya kawaida, ile ya kulazwa kitandani na kubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, hurekodi moyo kwa sekunde 10 hivi. Siku nzima ina sekunde 86,400. Mtu ambaye moyo wake humshtua mara mbili kwa siku anaweza kupigwa ECG kila wiki na kila wiki akaambiwa hana kitu. Pengo hilo ndilo Norman Holter, mtafiti wa Marekani kutoka mji wa Helena katika jimbo la Montana, alilotaka kuliziba. Kifaa chake cha mwanzo, mwishoni mwa miaka ya 1940, kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Mwaka 1961 alichapisha maelezo ya mbinu yake katika jarida la Science, na tangu hapo kifaa kimekuwa kikipungua hadi kufikia hiki kinachoenea kiganjani.

Faida yake ni kwamba kinarekodi kila pigo. Tatizo lake ni hilo hilo. Moyo wa mtu mzima hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, na hakuna moyo unaopiga mara zote hizo kwa usawa ule ule. Holter hufanya kama juya linalokokotwa ufukweni: linaleta samaki, mwani, makombe na mchanga vyote pamoja, na kazi ya kuchambua inabaki kwa mvuvi. Kinachokutisha kwenye karatasi huenda kimekuwamo moyoni mwako miaka yote bila kukudhuru. Tofauti ni kwamba sasa kimehesabiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia, kabla ya namba yoyote, ni kama kuna daktari aliyesoma majibu na kuweka sahihi. Mashine huchapa maelezo yake yenyewe, na mashine hukosea. Maelezo ya mashine ni rasimu. Hitimisho la daktari, ambalo kwa kawaida huwa ni mistari michache kwenye ukurasa wa kwanza au wa mwisho, ndilo lenye uzito. Ukipewa bahasha, uliza pale pale dirishani: “Haya yameshasomwa na daktari?” Kama bado, usijitese kwa kuyatafsiri mwenyewe.

Saa zako na saa za mashine

Siku ya kufungwa kifaa ulipewa karatasi au daftari uandike shughuli zako na dalili zako. Wengi huliona kama jambo la pembeni. Kumbe nusu ya kipimo iko humo, kwa sababu bila daftari daktari anaona moyo uliokwenda 140 kwa dakika lakini hajui kama ulikuwa unapanda ngazi au umelala.

Hapa kwetu kuna mtego ambao vitabu vya wenzetu haviutaji. Mashine inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia macheo. Mgonjwa huandika “saa 3 kizunguzungu” akimaanisha saa tatu asubuhi, na msomaji wa majibu akaenda kutafuta 03:00, ambayo ni saa tisa usiku mgonjwa akiwa usingizini. Anakuta mapigo ya taratibu yasiyo na kasoro, na dalili inabaki bila maelezo. Ukienda kwa daktari, pitia daftari lako na uweke wazi kila mstari: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Vizuri zaidi, andika kama mashine inavyoandika: 09:00 kwa saa tatu asubuhi, 21:00 kwa saa tatu usiku.

Na kama hukuandika chochote, kaa chini leo ujaribu kukumbuka. Uliamka saa ngapi? Ulikunywa kahawa? Uligombana na mtu? Ulikuwa umefunga Ramadhani na kiu imekukaba? Ulitafuna mirungi, ulikunywa kinywaji cha kuongeza nguvu, ulimeza dawa ya mafua, ulivuta salbutamoli kwa ajili ya pumu? Vyote hivi hupandisha mapigo, na baadhi huzalisha mapigo ya ziada. Usimfiche daktari lolote, hata kama unaona haya, hata kama ni dawa ya mitishamba uliyopewa na mama mkwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tusome karatasi moja pamoja

Tuchukue mfano wa kutunga: mwanamke wa miaka 45, muuza vitenge sokoni, aliyeagizwa kipimo kwa sababu moyo humshtuka na mara nyingine hupata kizunguzungu. Majibu yake yanasema hivi.

Jumla ya mapigo 104,000. Hii ni siku ya kawaida ya moyo.

Kasi ya chini kabisa 44, saa 03:20. Tumezoea kusikia kwamba moyo unapaswa kupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kiwango hicho ni cha mtu mzima aliye macho na ametulia. Usingizini moyo hushuka, na kufika arobaini na kitu si ajabu. Kwa wanamichezo hushuka zaidi. Saa 03:20 ni saa tisa na dakika ishirini usiku, na mama huyu alikuwa amelala. Ingekuwa ni saa sita mchana, amesimama dukani na anaona kizunguzungu, namba hiyo hiyo ingekuwa na habari nyingine kabisa.

Kasi ya juu kabisa 148, saa 17:10. Daftari linaonyesha kwamba saa kumi na moja jioni alikuwa anapandisha mzigo ghorofani. Moyo ulifanya kazi yake.

VE 620. Hizi ni herufi za mapigo ya ziada yanayoanzia kwenye vyumba vya chini vya moyo. Karatasi nyingine huandika PVC. Ndiyo yale mgonjwa anayoyaeleza kwa kusema “moyo uliruka” au “ulinipiga teke.” Ukisikia 620 unashtuka. Ukigawa kwa 104,000 unapata pungufu ya asilimia 1. Watu wengi wenye afya kamili wakifungwa kifaa hiki kwa siku moja hukutwa na mapigo kama haya, na wengi wao hawajawahi kuyahisi.

Kusita kwa muda mrefu zaidi: sekunde 2.1, saa 04:05. Hili ndilo linalotisha kuliko yote, kwa kuwa mtu husoma kana kwamba moyo wake ulikufa kidogo kisha ukafufuka. Mapengo ya sekunde mbili usingizini huonekana kwa watu wazima wengi wasio na ugonjwa. Madaktari huanza kuuliza maswali zaidi pengo likizidi sekunde 3, na huuliza kwa nguvu zaidi likitokea mtu akiwa macho au likiambatana na kuzimia.

VT, mfululizo mmoja, kasi 180, saa 22:10. VT ni mapigo matatu au zaidi ya vyumba vya chini yanayofuatana kwa kasi, nalo ni neno zito. Lakini daftari linasema saa nne na dakika kumi usiku mama alikuwa anapiga mswaki. Mtikisiko wa mkono unaosugua meno hufika kwenye nyaya na kuchora mawimbi yanayofanana sana na VT. Stika iliyolegea kwa jasho, jambo la kawaida kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, nayo huweza kuifanya mashine idhani moyo umesita. Daktari huyatofautisha kwa kuuangalia mchoro wenyewe wa dakika ile. Ndiyo maana ukienda kutafuta ushauri kwingine unatakiwa kubeba kurasa zote zenye michoro. Ukurasa wa muhtasari peke yake hautoshi.

Mwisho, kizunguzungu, saa 11:30. Daftari linasema saa tano na nusu asubuhi aliona giza alipoinuka. Mashine inaonyesha mapigo 82, yamepangika vizuri. Mgonjwa anaweza kudhani kipimo kimeshindwa. Kumbe hapa ndipo kilipofanya kazi kubwa kuliko kote: kimeonyesha kwamba kizunguzungu kile hakikutokana na mpangilio wa mapigo. Sasa daktari ana sababu ya kupima presha akiwa amelala na akiwa amesimama, kupima wingi wa damu, kupima sukari, na kuangalia masikio.

Maneno yanayostahili uzito

Kutuliza moyo si kufumba macho. Yako majibu ambayo hayafai kungoja, na ni haki yako kuyajua.

La kwanza ni AF, yaani fibrilesheni ya atria. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kubana kwa mpangilio, damu hutulia humo na inaweza kuganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Ikithibitishwa, daktari huhesabu mambo yanayoongeza hatari: umri wa miaka 65 na kuendelea, presha, kisukari, moyo kushindwa kusukuma damu, kiharusi cha zamani. Wenye hatari kubwa hupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Aspirini haizibi pengo hilo, ingawa wengi huinunua dukani wakiamini hivyo.

Afrika Mashariki bado tunao vijana, wakiwemo wajawazito, wenye AF inayotokana na milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanza na maambukizi ya koo utotoni. Kwao uchaguzi wa dawa ni tofauti. Utafiti mkubwa uitwao INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii walinufaika zaidi na dawa za kundi la warfarini kuliko na rivaroksabani, ambayo ni dawa mpya zaidi. Kwa hiyo usibadilishe dawa yako kwa kuwa jirani mwenye AF anatumia nyingine. Na kama unatumia warfarini halafu ukashika mimba, au unapanga kushika, mwambie daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto.

La pili ni mapigo ya ziada yaliyozidi. Yakikaribia au kuvuka asilimia 10 ya mapigo yote ya siku, yaani kama 10,000 kati ya 100,000, yanaweza baada ya muda kudhoofisha misuli ya moyo kwa baadhi ya watu. Hapo kipimo cha eko, ambacho ni ultrasaundi ya moyo, ni cha lazima, na ufuatiliaji unafuata.

La tatu ni VT iliyothibitishwa kwenye mchoro. Mfululizo mfupi kwa mtu mwenye moyo mzima hauna uzito sawa na ule wa mtu ambaye moyo wake umeshachoka au amewahi kupata shambulio la moyo, lakini wote wawili wanahitaji kuonwa na bingwa.

La nne ni kizuizi cha umeme wa moyo. Daraja la kwanza, na ile aina ya daraja la pili iitwayo Wenckebach inayotokea usingizini, mara nyingi havina madhara. Daraja la pili aina ya Mobitz II na daraja la tatu ni habari nyingine. Huenda ukahitaji kuwekewa kifaa cha kuendesha mapigo, ambacho wengi hukiita betri ya moyo.

La tano ni QTc, muda ambao moyo huchukua kujiandaa kwa pigo linalofuata. Ikizidi milisekunde 500, uliza kuhusu dawa unazotumia. Kwinini, eritromisini, azithromisini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huweza kuurefusha muda huo. Hii haina maana ya kuacha kutibu malaria. Maana yake ni kwamba kila anayekuandikia dawa ajue habari ya QTc yako kabla hajaandika.

Majibu yakisema huna kitu

Sasa nirudi kwa yule aliyeambiwa yuko sawa. Jiulize: zile siku za kipimo, dalili zangu zilitokea? Kama zilitokea na moyo ulikuwa umetulia, umepata jibu, na kazi ni kutafuta chanzo kingine: upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, potasiamu iliyoshuka kwa sababu ya kuharisha au dawa za presha za kukojoza, ujauzito, homa, au wasiwasi uliokita mizizi. Kila kimojawapo ni kitu halisi na kina matibabu yake. Wanawake hasa huambiwa haraka mno kwamba “ni mawazo tu.” Wasiwasi ni utambuzi unaotakiwa kufikiwa baada ya kupima damu na tezi, si kabla.

Kama dalili hazikutokea, kipimo hakijakukuta. Dalili inayokuja mara moja kwa mwezi si rahisi kuinasa kwa saa 24. Vipo vifaa vya kuvaliwa siku 7 au 14, na vipo vidogo vinavyowekwa chini ya ngozi vikarekodi kwa miaka kadhaa. Havipatikani kila mahali na gharama yake ni kubwa, hivyo uliza mapema bima yako inalipia nini. Ipo pia njia isiyo na gharama kubwa: mwombe daktari akuandikie barua fupi, ili moyo ukianza kwenda mbio uende kituo cha afya kilicho karibu na upigwe ECG pale pale. ECG ya sekunde 10 iliyopigwa wakati wa dalili inaweza kukufaa kuliko Holter ya siku ambayo dalili haikutokea.

Jifunze pia kuhesabu mapigo yako. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Zingatia kama yanakwenda kwa mpangilio au ovyo ovyo, na kama mbio zilianza ghafla au zilipanda polepole. Andika. Mbio zinazoanza na kukoma ghafla humpa daktari fununu nzuri sana.

Kwa nini unaweza usipewe dawa

Wagonjwa wengi hukasirika wakiambiwa, “Una mapigo ya ziada, lakini sitakupa dawa.” Hudhani wamepuuzwa. Kuna historia nyuma ya jibu hilo.

Zamani madaktari waliamini kwamba kufuta mapigo ya ziada kwa watu waliopata shambulio la moyo kungeokoa maisha yao. Dawa zilikuwepo, na kweli zilisafisha karatasi za Holter. Kisha ukafanyika utafiti uitwao CAST, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1989. Wagonjwa waliopewa enkainidi na flekainidi walikufa kwa wingi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Karatasi ilipendeza, mgonjwa akafariki. Tangu hapo daktari mwangalifu hatibu namba; anatibu mtu, na hutumia dawa pale faida inapozidi hatari.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiazime dawa ya moyo. Propranololi inayomtuliza shemeji yako inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Na kama tayari unatumia dawa za kundi la propranololi, kama atenololi au bisoprololi, usiziache kwa ghafla kwa kuwa majibu yamekuja mazuri. Moyo unaweza kuruka kwa kasi kubwa kuliko awali. Kuacha dawa nako kunahitaji daktari.

Ukiwa unasubiri

Hofu yenyewe huongeza kasi ya moyo, na moyo ukienda kasi hofu huongezeka. Usiku ni mbaya zaidi, kwa kuwa kelele zimekoma na ukilalia ubavu wa kushoto unausikia moyo ukigonga. Geuka ulalie kulia. Vuta pumzi taratibu kupitia puani, itoe kwa muda mrefu zaidi kuliko ulivyoivuta, rudia kwa dakika chache. Usijipime mapigo kila robo saa, na kama una saa ya mkononi inayopima moyo, ivue kitandani. Punguza kahawa, chai kali na sigara. Mirungi iache kabisa kwa sasa. Kunywa maji. Endelea na kazi nyepesi na matembezi kama hukupata dalili za hatari nilizotaja, lakini mbio na kubeba mizigo mizito viache mpaka uonwe.

Chagua mtu mmoja unayemwamini, umweleze. Usitume picha ya majibu kwenye kundi la ukoo, maana utapata madaktari ishirini na kila mmoja ana dawa yake. Kama wewe ndiye uliyeambiwa, usimzike ndugu yako kabla ya wakati kwa kumnyang’anya kila kazi, wala usimwambie anajitia. Msaidie kuandika daftari lake na umsindikize siku ya miadi. Dua ombeni, na dawa anywe.

Siku ya kumwona daktari

Nenda na kurasa zote za majibu, daftari la dalili, dawa zako zote ukiwa umezibeba kwenye mfuko pamoja na zile za mitishamba, na ECG za zamani kama unazo. Anza na swali lililo muhimu kuliko yote, kwa sababu muda ni mfupi. Haya ndiyo ningeuliza:

“Daktari, nilipohisi moyo unaruka, mashine ilionyesha nini dakika ile?”

“Hiki kilichoonekana ni kingi kiasi gani ukilinganisha na mapigo yote?”

“Moyo wangu wenyewe, misuli na milango, uko sawa? Nahitaji eko?”

“Kuna kipimo cha damu kinachohitajika, kama wingi wa damu, potasiamu au tezi?”

“Ni kitu gani kikitokea nije mara moja, bila kusubiri?”

“Nini naruhusiwa kufanya, na nini niache?”

Akitumia neno usilolielewa, mwombe alirudie kwa Kiswahili chepesi, kisha umweleze ulivyoelewa ili akusahihishe. Kama madaktari wawili wametofautiana, hujakosea kutafuta wa tatu. Omba rufaa kwa bingwa wa moyo, iwe Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi au Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na uondoke na nakala ya michoro ili usirudie kipimo chote kwa gharama yako.

Usitoke chumbani mpaka uweze kumweleza mtu anayekusubiri nje, kwa maneno yako mwenyewe, mambo matatu: wameona nini, kina uzito gani, na hatua inayofuata ni ipi na lini. Ukishindwa kueleza hata moja, geuka, bisha hodi, uulize tena. Moyo ni wako, damu iliyotolewa na fedha iliyolipwa ni yako, na maelezo yanayoeleweka ni sehemu ya matibabu kama kilivyo kidonge.